Kifungo

Maziwa yamechacha siku tatu kabla ya tarehe yake.
Huo ushahidi wa kwanza.
Wa pili ni jibini ya sulguni, inatoka jasho
kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.
Lakini juu, kwenye kigandishio, barafu ni barafu,
na kuku wa Jumapili angali tofali.

Juu baridi, chini vuguvugu.
"Imeshakufa hii," anasema Bondo, mume wangu,
anaipiga kofi la ubavu, anarudi kwenye mpira.
Kwa Bondo kitu ni kizima au ni cha kutupa.
Mimi nimeshona makoti miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda kimoja hapa Kutaisi;
najua katikati ya kizima na cha kutupa
pana uzi mmoja umekatika mahali,
na kazi yote ni kuutafuta.

Basi nasikiliza.
Sikio kwenye bati, macho nimeyafumba.
Kompresa inanguruma kule nyuma, haina neno.
Lakini ile sauti nyembamba, ile shshsh
niliyoishi nayo bila kuijua,
kama pumzi ya mtu wa chumba cha pili,
haipo.

Nachomoa plagi. Hilo silisahau;
Otari wa ghorofa ya tatu alilisahau,
na mpaka leo kidole chake cha kati
hakijui moto wa chai.
Namtoa kuku, natoa mfuko wa jozi,
natoa kitu cheusi ambacho hakuna atakayekikiri.
Skrubu nne. Ya nne ina kutu, inataka kubembelezwa.
Kifuniko kinalia, kinaachia.

Nilitarajia mlima wa barafu umeyakaba mapanga.
Kikausha nywele nilikuwa nacho mkononi tayari,
kama mgeni aliyekuja na zawadi nyumba siyo.
Hakuna mlima. Umande kidogo tu juu ya mabomba.
Nalisukuma panga moja kwa ncha ya kidole:
linazunguka, linazunguka,
laini kama gurudumu la cherehani iliyotiwa mafuta,
linasimama kwa wakati wake.
Basi nani anayelikataza?

"Bebia," anauliza Luka, mjukuu, miaka saba,
"mlango ukifungwa, taa inazimika?"
Inazimika, nasema. Sote husema hivyo.
Nani kati yetu amewahi kuwa ndani?

Tunarudisha plagi.
Tunaiegemeza simu kwenye kopo la matango, inarekodi.
Tunafunga. Luka anahesabu hadi thelathini,
anaruka kumi na tisa, anaidai tena.

Halafu tunatazama, vichwa vimegusana:
mkono wangu, mlango, mpira unabusu fremu,
na taa
inawaka.
Inawaka tu. Chupa tatu za mchuzi wa plamu
zimekaa mwangani kama abiria wa stesheni usiku wa manane.
Wiki ngapi imewaka hivyo, bila mtu?

Friji inaamini mlango uko wazi.
Na feni imefundishwa adabu:
mlango ukiwa wazi, nyamaza.
Inasubiri tuondoke.

Swichi iko pembeni, karibu na bawaba,
kichwa cheupe kidogo kuliko jino la Luka.
Naibonyeza: taa haijali.
Naibonyeza zaidi, hadi ukucha unakuwa mweupe:
taa inazimika, na nyuma ya ukuta
shshsh.
Luka anapiga makofi. "Imepumua!"

Ni unene wa milimita mbili tu umepungua,
wa plastiki iliyolika, au mlango uliochoka.
Kwenye bati langu la biskuti nachagua
kifungo cha koti, cha kijivu, matundu manne,
nakibandika mlangoni pale unapokutana na swichi.
Nafunga. Nasikiliza.
Luka anataka turekodi tena, tunarekodi:
nusu dakika ya giza tupu,
anaitazama mara tano.

Asubuhi Bondo anakunywa maziwa akiwa amesimama,
baridi inamuuma meno.
"Unaona?" ananiambia. "Lilikuwa kofi tu."